Ufunguo Uliorudi Peke Yake

Ukikuta ufunguo kwenye nguo ya mtu, usiurudishe unakokaa. Mtafute mwenyewe kwanza, umwone kwa macho yako, umguse hata bega. Naanza na hilo kwa sababu wengine hawatafika mwisho wa habari hii, na sitaki mtu aje aseme hakuambiwa.

Mimi nafua nguo kwenye mtambo. Mtu wa nje akisikia mtambo anafikiri ni wa kusaga au wa kuzalisha umeme. Huu wetu ni pete. Ni bomba jembamba la chuma, unaweza kulikumbatia kwa viganja viwili, limezungushwa ndani ya handaki la zege mpaka likarudi kujishika mkia. Ndani yake kunakimbia chembe ndogo za umeme, ndogo hata jicho halina habari nazo. Binti yangu ni fundi wa sumaku za hilo bomba. Wenzake wanamwita Sindano, kwa wembamba wake na kwa ulimi wake, na jina limemganda hadi mimi niliyemzaa namwita hivyo hivyo.

Siku moja, muda mrefu kabla ya haya ninayoyaeleza, alikuja kwetu, chumba cha kufulia, akakaa juu ya kapu la mashuka, miguu inaning'inia kama mtoto. Nikamwambia anieleze kazi yake kwa maneno ambayo mtu wa shule ya msingi atalala nayo.

"Mama, tazama mashine yako inapokamua," akasema. "Nguo zinazunguka mbio. Kwa nini haziruki nje?"

"Zirukie wapi na pipa lipo?"

"Haya. Sasa ondoa pipa. Nguo zizunguke hewani, zisiguse kitu, kutwa nzima."

"Wewe mtoto, mimi si mwenzio."

"Ndiyo kazi yetu, mama. Zile chembe hazipendi kona, zinataka kwenda mbele tu. Zikigusa ukuta wa bomba, zimekwisha. Hata hewa tumeinyonya yote bombani, maana zikigongana nayo zinatawanyika. Kwa hiyo sumaku ndiyo pipa letu. Hii inazikunja kidogo, ya mbele inazikunja kidogo, mpaka zinarudi zilipoanzia. Na hapo katikati kuna sumaku nyingine za kuzibana, zisipanuke njiani."

"Na hazichoki?"

"Zinachoka sana. Kila zikikunjwa zinamwaga mwanga. Mwanga huo ndio unaowaleta wale wageni watafiti, wanachungulia nao ndani ya dawa na ndani ya vyuma. Zikimwaga mwanga zinapungukiwa nguvu. Basi kuna mahali, kila zikipita, zinasukumwa kidogo kutoka nyuma, zinarudishiwa kilichopotea. Zinaendelea."

"Kama wewe unavyopita kwangu kula."

Akacheka mpaka kapu likalia. "Kama mimi ninavyopita kwako kula."

Mimi sikucheka sana. Nikamuuliza, "Na mtu akiwa handakini wakati zinazunguka?"

Akaacha kuning'iniza miguu. Akaniambia mwale wa zile chembe ukimwagika karibu na mtu, mtu huyo hawi mzima tena, na hata ukiwa haujamwagika, handaki si mahali pa kukaa kiumbe. Ndiyo maana zege lile ni nene. Ndiyo maana pia kuna ubao. Nje ya mlango wa handaki, ukutani, kuna ubao wenye funguo, zote zina namba, hazina majina. Kila anayeingia anachukua mmoja na kutembea nao. Ufunguo mmoja ukikosekana pale, mtambo hauwaki, hata mkubwa wa wakubwa apige magoti.

"Ufunguo ukiwa nami," akasema, "bosi wa mtambo ni mimi."

Nilimwamini. Nilikwenda kulala siku hiyo nimetulia. Jambo ambalo hakulisema, na mimi sikulijua kuliuliza, ni kwamba ubao haumjui mtu. Ubao unaujua ufunguo tu.

Sasa sikilizeni ilivyokuwa.

Asubuhi ile sumaku moja ilivuja. Sumaku hizi zinapitishiwa maji ya kuzipoza, na mpira wa maji ukilegea, sumaku inachemka. Mtambo ukazimwa. Wageni walikuwa wamefika kutoka mbali na vitu vyao kwenye visanduku, wamesimama kwenye korido na vikombe mkononi, wanatazama saa ya ukutani. Mkuu wa zamu alikuwa yule tunayemwita Rubani. Ndege hajapanda hata siku moja, ila ukimwona anavyokaa kwenye kile kiti mbele ya vitufe, hutamwita jina lingine. Si mtu mbaya. Nasema mapema, si mtu mbaya. Ila wageni wakimtazama shingoni, yeye hukosa subira.

Handakini wakaingia watu wawili tu: Sindano na fundi bomba. Huyu fundi bomba ni kijana mwenye maneno, ananiita mama mkwe kila akileta ovaroli, na mimi kila siku namjibu, "Nani kakupa mke?" Wakachukua funguo zao, mmoja mmoja. Kazi ikiwa kubwa, watu wengi wakiingia, handaki hukaguliwa kona kwa kona kabla ya kufungwa. Kazi ikiwa ndogo, ukaguzi haurudiwi. Ubao unatosha. Ubao ukijaa, maana yake waliokuwa ndani wote wametoka. Ndivyo walivyozoea, na miaka yote ilikwenda salama.

Mpira ukachomoka mikononi mwao. Maji yakamlowesha Sindano kuanzia kifuani. Akavua koti, akabaki na fulana. Ufunguo ulitakiwa ukae shingoni kwa kamba, lakini kamba ilikuwa inanasa kila anapojipenyeza chini ya sumaku, kwa hiyo asubuhi ile alikuwa ameutia mfuko wa ndani wa koti. Wakaunga mpira, ikabaki kukaza nati moja ya nyuma, mahali ambapo mwili wa fundi bomba haupiti. Sindano akamwambia, "Wewe tangulia. Namalizia." Yule kijana akaona koti limeloa chapachapa, akaona huruma. Akalibeba. Akatoka, akarudisha ufunguo wake yeye ubaoni, akapita kufulia, akalitia koti kwenye kapu la mlangoni, akaenda kutafuta chakula. Hakuwa na wasiwasi wowote. Alijua ufunguo wa Sindano bado uko kwa Sindano.

Mimi nilikuwa chumba cha nyuma, napiga pasi. Mbele alikuwepo mwenzangu, Mama Pacha. Kwetu nguo haiingii kwenye maji kabla mifuko haijapekuliwa, kwa sababu kuna mwaka kalamu moja ilitupakia mashuka ya wageni rangi ya bluu, tukatukanwa wiki nzima. Mama Pacha akapekua. Akakuta ufunguo. Akaona namba yake, akajua ni wa ubaoni, na kwa jinsi alivyo mwepesi wa miguu hakunigutusha. Akaenda.

Rubani alikuwa amesimama mbele ya ubao anauma kucha. Nafasi moja tupu. Mama Pacha akamnyooshea ufunguo.

"Ulikuwa kwenye nguo chafu," akamwambia.

"Afadhali, mama! Hawa vijana watakuja kunizika. Wanaondoka na funguo kama pipi."

Akaupachika. Ubao ukajaa. Hayo nilisimuliwa baadaye. Wakati huo mimi nilikuwa nakunja kola.

Nikasikia king'ora.

King'ora cha mtambo hukisikii kwa masikio tu, unakisikia kwenye meno. Hulia kwa muda, taa za njano zinazunguka, kumpa nafasi aliyesahaulika apige mbio. Kikinyamaza, sumaku zinapewa umeme. Zikishiba, Rubani anabonyeza, na mwale unaingia. Nilikizoea. Nikaendelea na kola yangu.

Mama Pacha akaingia anajifuta mikono, uso umejaa sifa. "Shoga, mtambo leo nimeuwasha mimi."

"Wewe na nani?"

"Mimi peke yangu! Walikuwa wamekwama kwa ufunguo mmoja. Nimeukuta mfukoni, nimewapelekea. Rubani nusura anibusu."

"Mfuko wa nani?"

"Nitajuaje? Koti lile pale, linachuruzika."

Nikageuza shingo. Lilikuwa limetundikwa kwenye ukingo wa kapu, linadondosha maji sakafuni. Kiwiko cha kushoto kilikuwa na kiraka, na kiraka kilikuwa na uzi mwekundu, kwa sababu jioni niliyokishona uzi wa bluu ulikuwa umeniishia.

Sikumbuki kuweka pasi chini. Waliniambia baadaye iliunguza ile kola.

"Mwenye koti yuko wapi?" nikamuuliza.

"Si ametoka? Koti likitoka..."

Nililibeba koti na nilikuwa nimeshafika koridoni. King'ora kinalia. Fundi bomba alikuwa amekaa kwenye ngazi na mkate mdomoni. Aliponiona akainua mkono. "Mama mkwe, mbio za nini? Nikubebe?"

"Sindano yuko wapi?"

"Ndani. Anakaza nati. Usiogope, mwenye ufunguo ni yeye, hawawezi kuwasha."

"Na hiki kinacholia ni nini?"

Akasikiliza. Nadhani mpaka hapo alikuwa anakisikia bila kukisikia. Nikamwonyesha koti. Nikamwambia, "Ufunguo ulikuwa humu. Umesharudishwa." Mkate ukamtoka. Hakuniita mama mkwe tena siku ile.

Kuingia handakini hatukuweza, mlango ulishajifunga. Simu ya ukutani kijana aliinyakua akaisikiliza, akaiacha inaning'inia, ilikuwa inatumika. Tukapanda ngazi. Mimi magoti yangu yana umri wake, lakini siku ile sijui nani alinikopesha ya kwake. Chumba cha Rubani kina mlango wa kioo unaofunguka kwa kadi. Kijana akajipapasa mfuko huu, mfuko ule, suruali, kifua. Mikono imejaa grisi. Mimi nikapiga kioo kwa ngumi. Ndani nawaona wageni wametupa mgongo, wanatazama picha ukutani. Na Rubani amevaa vile visikio vyake vya kuongelea. Hakuna aliyegeuka.

Hapo king'ora kikanyamaza.

Wewe unayesoma utaona ni nafuu, kelele zimeisha. Mimi nilijua sumaku zinapewa umeme. Nikaanza kupiga kioo kwa paji la uso.

Kadi ikapatikana, kumbe ilikuwa kwenye kiatu, sijui vijana hawa huweka vitu kwa akili gani. Mlango ukafunguka. Rubani alikuwa na kidole juu ya kitufe, anasubiri namba zipande kwenye kioo chake.

"Mama! Huku hakuingiwi!"

"Mwanangu yumo ndani!"

"Hayumo. Ubao umejaa, mama. Ubao ukijaa hakuna mtu."

"Ubao ndio uliomzaa? Koti lake hili!" Nikalitupa juu ya vitufe vyake, maji yakaruka hadi kwenye tai ya mgeni mmoja.

Nilimwona Rubani akilitazama. Nataka niwe mkweli, hakubishana. Alilitazama tu kwa muda ambao kwangu ulikuwa mrefu kuliko kumzaa yule mtoto, na nyuma yangu fundi bomba akapiga kelele, "Kaka, nimemwacha chini ya sumaku! Koti nimelitoa mimi!"

Rubani akapiga kitufe chekundu kwa kiganja kizima. Taa za mezani zikazimika moja baada ya nyingine, kuanzia kushoto kwenda kulia, kama mtu anapita akizipuliza.

"Umeingiza mwale?" kijana akauliza.

"Bado."

"Una hakika?"

"Nimesema bado!" Lakini macho yake yalirudi kwenye namba, na mtu anayerudia kutazama mimi simwamini hata akiniambia jina langu.

Akashika kipaza sauti akamwita. "Sindano, jibu. Sindano, uko wapi?" Kule chini sauti inasikika kila kona. Hakujibu mtu. Akaita tena. Nikamtazama mgeni mwenye tai iliyoloa. Alikuwa amekaa chini sakafuni na kikombe chake mkononi, hajui akiweke wapi.

Tukashuka wote. Mlangoni pa handaki Rubani akachukua ufunguo. Kijana akachukua wake. Mimi nikanyoosha mkono kwenye ubao nichukue wa kwangu.

"Baki, mama," Rubani akasema. "Nakuomba. Tukiwa watatu ndani nitachanganyikiwa."

Nikabaki. Mama Pacha alikuwa amekuja, povu la sabuni hadi kwenye viwiko. Mwanamke yule hawezi kunyamaza hata akiwa usingizini, lakini alisimama pale na midomo imekauka, povu linamkaukia mikononi. Sikumtazama usoni. Ningemtazama ningemwambia neno ambalo lisingerudi.

Nilitazama viatu. Kabla ya kuingia handakini wanabadilisha viatu, na vya Sindano vilikuwa pale kwenye rafu, kisigino kimelalia upande kama anavyovikanyaga siku zote tangu mdogo. Nimemgombeza kwa kisigino kile tangu yuko darasa la kwanza. Nikasema moyoni, atoke tu, avikanyage anavyotaka.

Nikasikia nyayo. Kwanza fundi bomba. Kisha Rubani. Kisha, katikati yao, fulana iliyoloa na nywele zilizojaa vumbi. Mkono wa kulia ameukumbatia kwa wa kushoto. Alitutazama wote, akatazama ubao, halafu akasema kwa sauti ya chini kabisa:

"Nani amerudisha ufunguo wangu?"

Mama Pacha akainua mkono, kama mwanafunzi.

Sindano aliutazama mkono ule wenye povu. Alikuja akaniegemea, na mwili wote ulikuwa baridi kama nguo iliyotoka kwenye maji. Hapo ndipo alipotueleza. Alikuwa amelala kifudifudi nyuma ya sumaku, amevaa vizibo vya masikio kwa sababu pampu ya maji iko jirani na inapiga kelele. Uso ukutani. Taa za njano hakuziona. King'ora alikichanganya na pampu. Alijua kuna jambo pale spana ilipomponyoka mkononi. Haikuanguka chini, ilikwenda pembeni. Ikaruka ikajibandika kwenye sumaku, na vidole vyake viwili vikabaki katikati.

"Spana haiendi pembeni yenyewe, mama," akasema. "Nikajua imewashwa. Nikavuta mkono. Hautoki. Kamba ya kuzima mtambo iko ukutani, naiona, nimeinyooshea mkono mwingine, imenipita kidogo tu. Nimepiga kelele lakini nani anasikia? Nikawa nahesabu kichwani, sasa sumaku zinashiba, sasa Rubani anatazama namba. Halafu spana ikaanguka."

Spana ikaanguka. Ndicho kiganja cha Rubani kile, huku juu.

Daktari alimpima kila kitu, damu na mifupa. Mwale haukumfikia, kweli ulikuwa bado. Vidole vilivimba vikawa vyeusi, kucha moja ikatoka. Nyumbani nilimfunga bandeji na nilimwambia aache ile kazi.

"Nikiacha, sumaku zile atalala chini yake nani?" akaniuliza.

"Atalala mtoto wa mtu mwingine."

"Haya, mama. Umesikia ulichosema?"

Nilisikia. Nikaendelea kufunga bandeji, na nikaikaza kuliko inavyotakiwa mpaka akasema aa.

Nimelifikiria jambo hili kila nikikamua nguo. Natafuta mwenye roho mbaya nimchukie, simpati. Mmoja alimwonea huruma mwenzake aliyeloa. Mmoja alirudisha kilichopotea. Mmoja aliwaonea haya wageni waliosimama. Wema wa watu watatu, kila mmoja kwa wakati wake, nusura uniletee jeneza. Mwizi angeuiba ule ufunguo akaenda nao kwake, mwanangu angekuwa salama. Ndiyo maana naandika. Mtu mbaya mtamwogopa wenyewe, hamnihitaji mimi.

Sasa funguo zina majina, na Rubani hawashi kitu mpaka kila mwenye jina amemjibu kwa mdomo wake. Mama Pacha amezidi hata hapo. Akikuta chochote mfukoni, hata kifungo, anamsaka mwenyewe. Juzi aliingia kwenye kikao cha wakubwa na kitambaa cha pua, akasimama mbele ya mkurugenzi akamtazama usoni, akamshika bega, ndipo akamkabidhi. Mkurugenzi akasema, "Mama, ungeniwekea tu mezani." Akajibiwa, "Mezani si wewe."

Sindano alirudi kazini kucha haijaota. Ufunguo uko shingoni, kamba nimeisuka mimi, fupi, hainasi. Na tuna letu mimi na yeye ambalo halijaandikwa popote. Akitoka handakini, haendi ubaoni. Anapita kufulia kwanza. Nikiwa napiga pasi, naiweka chini, namtazama, namgusa. Ndipo anakwenda kuurudisha.

Rubani alilalamika siku za mwanzo. Alisema wageni wamesimama koridoni, saa inakwenda, sumaku ziko tayari, na mtambo mzima unasubiri fundi akamwamkie mama yake.

Wasubiri.